CD Moja, Nyumba Mbili

Jumamosi ile mdogo wangu alihamisha kabati la CD mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Kwanza alilitoa dirishani, eti jua linaharibu makasha. Akalipeleka karibu na mlango, akasema hapo linakula vumbi. Akalirudisha dirishani. Mimi nilikuwa mezani na kikombe changu namwangalia, na mimi si mtu wa kumwangalia mwenzangu akihangaika nikanyamaza. Nikamwambia, "Wewe, hilo kabati lenyewe lina miguu minne na limetulia kukuzidi."

Hakucheka. Alikuwa anamsubiri binti yake, na dakika zilikuwa haziendi.

Tunakaa nyumba moja, vyumba viwili na sebule, tangu ndoa yake ilipovunjika miaka mitano iliyopita. Mimi ni mwalimu wa udereva. Siku nzima nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki yangu ya ziada, nawapigia watu kelele wasituue. Nikirudi nyumbani sauti inachelewa kushuka, ndiyo maana majirani wanasema nina hasira. Wala hawajakosea sana.

Yeye ni fundi wa meno ya bandia. Si daktari. Daktari anakutazama mdomoni na kuchukua chapa ya fizi zako, halafu hiyo chapa inapelekwa kwenye karakana isiyo na mgonjwa wala kiti cha kulalia. Huko ndiko aliko mdogo wangu. Anamimina plasta, anapata sanamu ya mdomo wa mtu asiyemjua, anapanga meno kwenye nta moja moja, kisha anasaga na kung'arisha mpaka yanafanana na meno ya Mungu. Jioni anarudi na nyusi nyeupe, kwa hiyo tangu ujana watu wanamwita Plasta. Ana miaka arobaini na mitatu, nusu ya wazee wa mji huu wanatafunia kazi ya mikono yake, na hakuna hata mmoja atakayemsalimia njiani.

Starehe yake ni moja tu, gemu. Mtu mzima mwenye mvi amekaa sakafuni na pedi mkononi anapigana na majoka. Nilimcheka sana mwanzoni. Niliacha kumcheka nilipoelewa ile gemu ilikuwa inamfanyia kazi gani.

Ni hivi. Talaka ilipotoka, hakuna aliyepanga siku za mtoto kumwona baba yake. Mama yake, ambaye mimi bado namwita wifi kwa sababu talaka haikuwa yangu, alisema tu, "Akitaka kwenda, aende." Mtoto wa miaka kumi na moja, atajuaje namna ya kutaka? Na Plasta ni mzito wa maneno, ulimi wake una nanga. Basi akanunua mashine mbili za gemu zinazofanana, moja yake, moja ya binti. Lakini kila gemu akawa anainunua CD moja tu. Akiimaliza yeye, Jumamosi binti anakuja kuichukua na kuacha ile aliyokuwa nayo. CD moja, nyumba mbili. Mtu lazima aje.

Na alikuja. Tunamwita Kiroboto, maana tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kukaa mahali pamoja. Sasa ana miaka kumi na sita. Mvua inyeshe, jua liwake, mabasi mawili kuja na mabasi mawili kurudi. Wanakaa sebuleni, "umefika wapi", "lile jitu lenye nyundo uliliangusha vipi", na katikati ya majitu hayo ndipo baba anapopata habari za shule, za rafiki aliyenuna, za gego linalouma. Gego analikagua pale pale kwa tochi ya simu. Mimi niko jikoni natega sikio, na sioni aibu kusema kwamba roho yangu ilikuwa inatulia kuwasikia.

Siku hiyo ya kabati, Kiroboto alifika saa nne na dakika kumi. Akaamkia, tukaitikia, lakini mkoba hakuuvua.

"Baba, mashine yangu imekufa. Haisomi CD yoyote."

"Ilete niifungue," Plasta akasema, na alikuwa ameshainuka kutafuta bisibisi.

"Anko aliijaribu ikashindikana, ameninunulia nyingine."

Anko ni mume wa mama yake. Mtu mstaarabu kiasi cha kuudhi. Ningependa awe na kasoro moja tu, nimchukie kwa raha zangu.

"Hiyo mpya haina mdomo," Kiroboto akaendelea, anaangalia viatu vyake. "Hakuna pa kuingizia CD. Gemu zote unazipakua kwenye mtandao."

Plasta alikaa. Akasimama. "Aa," akasema. "Hakuna shida."

Mtoto alimtazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa nusu ya swali. Akatoa CD mkobani, akaiweka mezani. Alishinda mpaka saa saba, lakini mazungumzo yalikuwa ya kuokoteza, mitihani ya mwisho wa mwaka, joto, basi lilivyojaa. Alipoondoka, ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitano kuondoka bila kubeba kitu.

Wiki iliyofuata ndani hamkukalika. Plasta akawa kiguu na njia. Alisikia kuna kisomeo cha CD kinachopachikwa pembeni ya mashine zisizo na mdomo, akazunguka maduka ya mji mzima kukitafuta. Muuzaji wa mwisho akamwambia kwamba kwa aina aliyonunua Anko, hakipo. Akarudi akalihamisha kabati. Anakula amesimama. Anafungua kasha, anatazama CD, anafunga. Na kazini nako akaharibu. Alipanga meno ya juu ya mwalimu mmoja mstaafu, chonge la kulia akaliweka kushoto na la kushoto akaliweka kulia. Miaka ishirini kwenye kazi ile. Mzee wa watu akayavaa, akatabasamu kwenye kioo, akamwambia daktari, "Huyu simjui." Meno yakarudishwa karakana na Plasta akaambiwa na bosi wake aende nyumbani akapumzike.

Akanikuta nimeloweka miguu kwenye beseni.

"Hamia na wewe kwenye za hewani, tupumue," nikamwambia. "Dunia nzima iko huko. Hazikwaruziki, hazipotei chini ya kochi, hazihitaji kabati la kutembezwa nyumba nzima."

"Dada, CD nikiinunua ni yangu," akasema. "Nitaiazima, nitaiuza, nitamwachia mtoto nikifa. Hizo za hewani unanunua ruhusa tu ya kucheza. Siku mwenye duka akiamua kuifuta, imefutika. Ukisahau pasiwedi, umeliwa. Mtandao ukikatika, unatazama ukuta."

"Na CD ikikwaruzika, unatazama nini?"

"Naisugua."

Ni kweli, huwa anazisugua, kwa dawa ile ile ya kung'arishia meno. Lakini mimi mdogo wangu namjua. Mtu anayeongea haraka hivyo kuhusu kitu kimoja anakimbia kingine.

"Haya," nikasema. "Hebu acha maduka na mitandao. Unaogopa nini?"

Alivisogeza viatu vyangu ukutani, akavirudisha.

"Nikimpa za hewani, Jumamosi atakuja kufanya nini?"

Hapo ningemshika bega. Mwenye busara angemshika bega. Mimi nikapandwa na hasira, kwa sababu nilimwonea huruma na huruma kwangu hupitia huko.

"Kwa hiyo umemfunga mtoto kwa CD kama mbuzi kwa kamba? Ana mtihani mwaka huu. Anapanda mabasi manne kila Jumamosi ili wewe usipate tabu ya kumwambia unampenda?"

Aliinuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Nilitamani yale maneno niyarudishe, lakini mdomo hauna rivasi.

Alhamisi akaamua. Akazinunua zile gemu upya kwenye mtandao, hata ambazo CD zake anazo, akafungua akaunti ya familia na kumwingiza binti. Kukabaki kumwandikia ujumbe. Aliandika mistari kumi, akaifuta. Akaandika mitatu, akaifuta. Alikuwa ananitia wazimu. Nikamnyang'anya simu, nikamtungia mwenyewe: "Mwanangu, gemu zote sasa ziko kwenye akaunti yetu, pasiwedi ni hii hapa. Huna haja tena ya kuhangaika na mabasi. Soma kwa bidii."

Nilijiona nimeandika vizuri sana. Jibu likaja, "Asante baba." Basi.

Jumamosi hakuja. Plasta alikuwa ameoga tangu alfajiri. Kwenye runinga yake kuna alama ndogo inayowaka kijani mtu wa familia akiwasha mashine, na kubaki ya kijivu kama hajawasha. Alikaa anaiangalia hiyo alama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Kijivu. Jumamosi ya pili, kijivu. Nikamwambia mpigie. Akapiga, simu ikalia mara mbili, akaikata mwenyewe. "Nitasema nini?" akaniuliza. "Mkono mtupu haulambwi, dada. Sina cha kumwitia." Jumamosi ya tatu nilitoka asubuhi na mapema kwenda kazini kwa sababu sikutaka kukaa naye humo ndani. Nasema ukweli, nilimkimbia.

Jumamosi ya nne niko uwanjani nafundisha. Mwanafunzi wangu alikuwa muuza nyama mmoja, pande la mtu, anayeweza kupasua paja la ng'ombe bila kupepesa lakini akiona koni ya plastiki mbele ya gari anafumba macho. Tulikuwa tumeshagonga koni sita. Mara namwona Plasta anavuka uwanja kwa haraka, simu mkono mmoja, kasha la CD mkono mwingine. Hata kiatu kimoja hakukifunga. Nikajua kuna msiba.

"Tazama," akasema, akanipitishia simu dirishani. Alikuwa anahema.

Ulikuwa ukurasa wa ile akaunti. Unaonyesha kila mtu wa familia amecheza gemu gani na lini, na kumbukumbu za Kiroboto za mashine ya zamani, zilizokuwa zikihifadhiwa mtandaoni, zilikuwa zimehamia humo zote. Nikasoma. Gemu ya mwisho aliyoicheza, aliicheza mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Baada ya hapo hamna kitu.

"CD zote za tangu wakati ule hakuzigusa," Plasta akasema. "Hakuiweka kwenye mashine hata moja. Anazichukua, anakaa nazo, anazirudisha."

"Lakini alikuwa anakusimulia. Jitu lenye nyundo, sijui daraja…"

"Kila kitu. Mpaka mwisho wa hadithi."

"Basi aliangalia video za wenzake wakicheza. Siku hizi kila kitu wanatazama huko. Hawa wanafunzi wangu wanajifunzia huko kuegesha gari, ndiyo maana wananigongea koni."

Muuza nyama akainamisha kichwa.

"Amenidanganya mwaka mzima na zaidi," Plasta akasema. Sauti ilikuwa inamkatika. "Alishanichoka zamani, dada. Alikuwa ananivumilia tu, na mimi na ujinga wangu namuuliza umefika wapi, umefika wapi."

Nilifungua mdomo nimtetee au nimgombeze, sijui kipi. Aliyenitangulia ni muuza nyama, mikono yote miwili kwenye usukani kama nilivyomfundisha.

"Samahani, bwana," akasema. "Kama gemu hachezi, mabasi manne alikuwa anapanda kufuata nini? Si alikuwa anakufuata wewe?"

Plasta alishika mlango wa gari. Nilimwona uso unabadilika pole pole. Na mimi wangu ulikuwa unawaka, kwa sababu nilikuwa nimeukumbuka ule ujumbe. Huna haja tena ya kuhangaika na mabasi. Mtoto anakuja kwa baba yake kila wiki, anabeba CD asiyoitaka ili baba apate la kuongea, halafu siku moja anaandikiwa hivyo. Angeelewa nini? Angeelewa kwamba amefukuzwa kwa adabu. Na maneno yale yalikuwa yangu, neno kwa neno, na nilijisifu nayo.

"Panda nyuma," nikamwambia Plasta. Kisha nikamgeukia muuza nyama. "Na wewe leo umeiva. Tunaingia barabarani."

Sitasahau ile safari. Gari la shule, herufi L juu ya paa, muuza nyama anatoka jasho, anasimama kwenye kila njia panda mpaka na baiskeli zipite. Nyuma yangu Plasta anahama dirisha hili anakwenda lile, anakwenda lile anarudi hili. "Mwambie aongeze mwendo." "Mwambie apunguze." "Labda turudi, dada, labda hayupo." Nikamwambia akifungua mdomo tena namshusha. Nikamuuliza hiyo CD ameibeba ya nini wakati mashine yao haina mdomo. Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nadhani alitoka nayo nyumbani bila kujua.

Tulifika saa nne na nusu. Wifi ndiye aliyefungua mlango, taulo la jikoni begani. Alitutazama mmoja mmoja, mpaka muuza nyama aliyebaki kwenye usukani akimpungia mkono.

"Mlikuwa wapi siku zote?" akasema, na hakusema kwa shari. "Kila Jumamosi huyu mtoto anaamka, anaoga, anavaa, anakaa hapo kwenye kochi mpaka saa sita. Halafu anaingia chumbani anavua. Nikimuuliza, ananiambia baba kasema nisihangaike."

"Ujumbe ule niliuandika mimi, wifi," nikasema. Ilibidi niseme haraka kabla sijaona haya. "Yeye alitaka kuandika mengine."

Wifi akageuka kuita, lakini Kiroboto alikuwa ameshatusikia. Alitokea nyuma ya mama yake, amevaa nguo zake za kutokea, miguu mitupu. Alikuwa amekonda, au ni mimi tu. Akatuamkia, mimi na baba yake, sauti ndogo.

Plasta akanyoosha mkono wenye CD. "Nimekuletea hii."

Mtoto akaipokea kwa mikono miwili. "Mashine yangu haina pa kuiweka, baba."

"Najua."

"Na hata ile ya kwanza…" Akaligeuza lile kasha. "Hata ile ya kwanza, baba, mimi—"

"Najua. Nimeona kwenye akaunti."

Kiroboto akainama. Nilimwona anakandamiza kasha lile kifuani. "Umekasirika?"

"Nilidhani umenichoka," Plasta akasema.

"Mimi nilidhani wewe ndiye umenichoka. Uliposema nisije."

Mdogo wangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo la moyoni bila kwanza kuhamisha kitu mahali, hakusogea hata hatua. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilikuwa nataka uje," akasema. "Kila siku nilikuwa nataka uje. Hizi CD nilizinunua moja moja makusudi, ili uje."

"Najua, baba," Kiroboto akasema. "Nilijua tangu darasa la sita."

Wifi akajifuta uso kwa taulo la jikoni. Mimi nikaangalia matairi ya gari, ingawa hayakuwa na tatizo lolote.

"Basi ichukue hivyo hivyo," Plasta akasema. "Kaa nayo. Usiicheze, uifanye upendavyo. Wiki ikiisha, Jumamosi, uniletee."

Mtoto akaitazama CD, akamtazama baba yake.

"Lakini leo ndiyo Jumamosi," akasema. Akamrudishia CD mkononi, akaingia ndani kuvaa viatu.